Vijana wa boma kwenye grupu la masomo: ikifika usiku maswali yanabadilika

BintiWaUsangu

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mawazo, na naomba mada isigeuzwe vita ya wakulima na wafugaji, maana huku Mbarali hatuchelewi.

Mimi ni Mbarbaig, kwetu ni wafugaji, nimezaliwa Usangu. Nina diploma ya ualimu, ajira bado, kwa sasa naandika risiti kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku. Nina grupu la WhatsApp la vijana wa kwetu wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Wengi ni Wabarbaig, wapo Wamasai, na Wasukuma wawili walioletwa na rafiki zao, hakuna aliyewatoa. Nafundisha kwa sauti, si video, kwa sababu bando linaisha na simu nyingi zinachajiwa kwa sola ya jirani. Mwenye swali anapiga picha daftari, anatuma. Hesabu tunaumia wote, tusidanganyane.

Mchana grupu ni la masomo. Usiku, mifugo ikishalala, yanaanza mengine. Juzi kijana aliniuliza tofauti ya mitosisi na meiosisi, nikamjibu, akakaa kimya, kisha akaandika: "Mwalimu, mtu asiye na faida kwao wala mjini anaishi kwa ajili ya nini?" Huyu alipata sifuri. Kwao wanasema shule imemharibu, hata ndama wa zizi lao hawajui kwa rangi. Akija Rujewa na shuka lake, konda anamwambia asubiri gari linalofuata. Yupo binti anayejitoa kwenye grupu kila baba yake akirudi kutoka mnadani, baba akiondoka anaomba nimrudishe. Ng'ombe wa mahari wameshajadiliwa na yeye hakuulizwa. Yupo na mwingine ambaye kwao walihamishwa na serikali pamoja na mifugo yao kutoka bonde oevu la Ihefu ile 2006 na 2007, ndugu wengine wakaishia Lindi, wengine wakarudi kimyakimya. Alikuwa mtoto wa mgongoni wakati huo, lakini akianza kusimulia utadhani yeye ndiye aliyekuwa anaswaga.

Nimesomea kufundisha, haya sikuyasomea. Niwajibu hukohuko kwenye grupu? Nifungue grupu la pili la kupiga stori? Au niseme wazi kwamba hapa ni masomo tu? Wawili walishakwenda zahanati, wakaulizwa "unaumwa wapi", wakarudi na vidonge vya maumivu.

Kisinyungu

Dada, funga hilo grupu. Siku mmoja akijidhuru, simu ya kwanza kuchukuliwa ni ya admini. Nchi hii unaijua.

MuuguziMby

Mkuu Kisinyungu, usimtishe. Ni kweli kujaribu kujiua ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na hofu hiyo ndiyo inayofanya familia ziseme ilikuwa ajali, mgonjwa akarudishwa nyumbani bila msaada wowote. Lakini kumsikiliza mtu si kosa.

Dada, mimi nahudumia wagonjwa wa afya ya akili hapa Mbeya. Maneno kama ya huyo kijana usiyajibu mbele ya grupu, wala usiyapite. Mpigie simu, hata kama ni saa tano usiku. Muulize bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo. Kuuliza hakumtii mtu wazo; wengi ndipo wanapopumua, kwa sababu mwingine amelitamka kabla yao. Akikubali, muulize kama ameshapanga lini na namna gani. Mwenye mpango asilale peke yake usiku huo. Mtafute mtu wa boma anayemwamini akae naye, vitu vya hatari viondolewe karibu, asubuhi aletwe hospitali. Na usimwahidi siri. Mwambie utamshirikisha mtu mmoja, mchague wote wawili ni nani.

Kuhusu zahanati: akiulizwa anaumwa wapi, aseme tangu lini halali, tangu lini chakula hakipiti, ni kitu gani alikipenda na sasa hakitaki tena. Hapo mhudumu anapata cha kuandika, na sononi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inaanza kuonekana kwenye karatasi. Aliye chini ya miaka 18 apige 116, ni bure. Binti wa mahari, kama bado mtoto, hilo ni la afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, usingoje.

Halafu wewe mwenyewe usibebe peke yako. Kule New Mexico, Marekani, daktari Sanjeev Arora alianzisha 2003 utaratibu unaoitwa ECHO, mwanzoni kwa homa ya ini aina ya C. Mhudumu wa kijijini anakutana na mabingwa na wenzake kwa video, anamweleza mgonjwa wake bila jina, wanajadili, kisha anarudi kumtibu yeye mwenyewe. Siku hizi wahudumu wa jamii za asili za Marekani wanautumia pia kwa uraibu. Sisi video ya nini? Wewe, mimi, mwalimu wa malezi mmoja na afisa ustawi, simu ya pamoja kila baada ya wiki mbili inatosha. Njoo inboksi.

MnyalukoloBC

Kamwene. Kwetu Kilolo, sasa niko British Columbia, Kanada, natunza wazee. Baadhi ni wa Mataifa ya Kwanza, wenyeji wa asili wa huku, waliochukuliwa utotoni wakapelekwa shule za bweni ambako kusema lugha ya mama ilikuwa viboko. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Wajukuu wao wamerithi majeraha ambayo hawakuyashuhudia, na ndiyo maana huyo wako wa Ihefu hanishangazi.

Kuna utafiti wa 1998 wa Michael Chandler na Christopher Lalonde kuhusu vijana wa jamii hizo katika jimbo hili. Walikuta kujiua hakukuwa kila mahali. Zilikuwepo jamii ambazo kwa miaka yote waliyoichunguza hazikuzika kijana hata mmoja kwa sababu hiyo, na nyingine zilikuwa zinazika mno. Zile zilizosimamia zenyewe shule, afya na mambo yao, zilizodai ardhi yao na kuwa na mahali pa kutunzia mila, ndizo zilizokuwa na afadhali. Asikudanganye mtu kwamba ngoma inatibu sononi, hawakusema hivyo. Mimi nililochukua ni kwamba kijana wako hatapona kwa kufundishwa kuikimbia boma.

Tena 2016 ndugu wawili Wadene, nao ni wa Mataifa ya Kwanza, Kelvin na Tunchai Redvers, walianzisha We Matter: vijana wa asili wanawarekodia wenzao video fupi, nilipita hapa, nikavuka hivi. Mimi naliona jambo zuri, ila usiliige lote. Kanada ni kubwa, aliyejirekodi huko anaweza asikutane na anayemtazama maisha yake yote. Mbarali sauti ikisikika tu, baba ameshajua ni ya nani.

BintiWaUsangu

Asanteni sana. Kijana nimempigia. Alilia kwanza, kisha akanitajia mjomba wake, na mjomba amekuja kulala kwao. Ijumaa tunapanda wote gari la Mbeya, Muuguzi nimekuandikia.

Mnyalukolo, umenikumbusha kitu. Kwenye Historia niliwapa kazi: muulize mzee mmoja, rekodi. Huyuhuyu wa sifuri akatuma babu yake anasimulia bung'ed, yale mazishi ya mzee wa heshima yanayochukua miezi, jinsi ukoo unavyolijenga kaburi likainuka. Sauti ndefu, bando la watu liliisha. Hakuna aliyeniuliza kama itatoka kwenye mtihani. Waliuliza maswali, na safari hii aliyekuwa anajibu ni yeye. Basi grupu la pili sifungui. Kila wiki nitaweka kazi ya namna hiyo ndani ya masomo, na ya moyoni tutaongea kwa simu.

MzeeWaIgawa

Binti yangu, hujambo. Mimi mfugaji, kijukuu kinaniandikia hapa. Kazi yako nzuri, lakini huyo babu alijua sauti yake inasikilizwa na Wasukuma na Wamasai? Kuna mambo ya bung'ed yanasemwa na mengine hayasemwi. Kabla ya kurekodi, kijana aombe, na mzee aseme inaishia wapi.

La pili ni hilo la mahari. Afisa wa serikali mwiteni, sawa, lakini baba atamficha binti siku hiyo hiyo. Nyie mna baraza la wanawake. Likikaa chini ya mti kumhukumu mwanaume aliyemkosea mwanamke, anatozwa ng'ombe na analipa. Mimi nimewahi kulipa, na sikuthubutu kubisha.

Kisinyungu

Mzee hapo kwenye kulipa umetuacha njiani, fungua uzi wako.

BintiWaUsangu

Shikamoo mzee. Nimekuelewa kuhusu ruhusa, nitamrudia babu mwenyewe. Ila mimi sijaolewa, na wanaona nimekuwa mtu wa mjini. Baraza litanisikiliza?

MzeeWaIgawa

Marahaba. Muulize mama yako. Mimi mwanaume, huko sikai.