Mwaka mzima sindano mkononi: ulifuma nini, na kikaenda kwa nani? Tupeane uzoefu

Mwana wa Makete

Wapendwa habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Mwaka unaisha. Jana usiku nimevuta kikapu cha nyuzi kutoka uvunguni nikakimwaga chote mkekani. Nina daftari la hesabu, lile la miraba, ambalo huandika kila kazi ninayoianza: tarehe, unene wa sindano, uzi gramu ngapi, na ni ya nani. Mwaka huu nimeanza kazi 11. Saba zimekwisha na zimeshavaliwa. Mbili nilizifumua zote nikarudisha uzi kwenye bonge. Mbili bado zipo kwenye sindano tangu kipupwe.

Naomba kila mfumaji aje na hesabu yake. Sitaki picha za vitu vizuri peke yake. Tuambieni mlichofumua, mlichomaliza usiku wa manane, na kile mlichompa mtu hamjui hata kama anakivaa.

Naanza mimi. Kazi yangu kubwa ilikuwa sweta la vifungo la mama mkwe. Huku Juni na Julai asubuhi unakuta barafu imetanda kwenye majani, na yeye anaamka saa kumi na moja kukamua. Nilipiga hesabu ya gramu 500. Mwezi wa tano nilikuwa na hela ya gramu 300, nikanunua hizo, nyingine nikafuata mwezi wa saba. Dukani chini ya taa rangi ilikuwa moja, ya zambarau mbivu. Nikafuma mkono wa kulia wote, sentimita 41, usiku, kwa taa ya sola. Asubuhi nikautoa uani. Mkono ulikuwa umepauka, na mwili wa sweta umekolea. Ndipo nikatazama makaratasi ya mabonge: jina la rangi lile lile, ila namba ya mkupuo wa kutia rangi tofauti. Kumbe kila pipa la rangi kiwandani linatoka na namba yake.

Nilikaa nalo siku tatu bila kuligusa. Halafu nikafumua mkono wote, na nusu ya kifua nayo nikaifumua, nikaanza upya nikifuma mistari miwili kwa bonge la zamani, mistari miwili kwa bonge jipya. Ukifanya hivyo jicho halioni pale rangi inapobadilika, inaonekana kama kivuli tu. Lilikwisha Agosti ya mwisho, baridi ikiwa imeshaanza kulegea.

Nililifuma nikimwona kichwani amelivaa kanisani. Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili, akalivaa papo hapo, na kesho yake nikamkuta zizini nalo, mikono ameikunja hadi kiwikoni, lina manyoya ya ng'ombe na harufu ya maziwa. Nilifurahi mno. Sweta limekwenda lilikokuwa linahitajika.

Karibuni.

Lindo la Usiku (Arusha)

Dada wa Makete, asante kwa kufungua mlango. Mimi ni mwanaume, ni mlinzi, na nafuma. Mwaka huu mizura 23.

Nilifundishwa na marehemu bibi kwa spoku za baiskeli. Kwa wasiojua: unatafuta spoku mbili zilizonyooka, ile ncha yenye kichwa kilichopinda unaiacha maana ndiyo inazuia vitanzi visimwagike, na ncha ya pili unaisugua kwenye jiwe mpaka inakuwa butu laini, siyo kali, maana kali inapasua uzi na kidole. Spoku ni nyembamba, kama milimita 2, kwa hiyo kitambaa kinatoka kigumu kinachozuia upepo vizuri. Tatizo ni muda. Mzura mmoja kwa spoku ulinichukua malindo manne. Mwaka huu mke wangu akaninunulia sindano za milimita 4, sasa mzura ni lindo moja na nusu: vitanzi 96, viwili mbele, viwili nyuma, hivyo hivyo mpaka kina cha sentimita 20, kisha napunguza juu.

Sifumi nikiwa getini, nieleweke. Tupo wawili na tunapokezana mapumziko, na saa yangu ya mapumziko ndiyo ya sindano. Mikono ikiwa na kazi usingizi unakimbia.

Kumi na nne nimeuza kwa walinzi wenzangu na madereva wa bodaboda. Sita nimewapa watoto wa ndugu zangu. Miwili nimevaa mimi. Mmoja alikuja mtu asubuhi na mapema, mwanafunzi, kasimama getini anasubiri gari, masikio yamekuwa mekundu kwa baridi. Nikautoa mfukoni nikampa. Sijamwona tena.

Fundi wa Nyahururu

Hamjambo nyote. Mimi niko Kenya, na kazi yangu ni mashine, masweta ya shule. Kuanzia Novemba hadi shule zifunguliwe Januari silali, kwa hivyo sindano za mkono nazishika kati ya Machi na Oktoba tu. Watu huniuliza mbona nifume kwa mkono na mashine iko. Sweta la mashine ni la mteja, lina saizi, rangi na bei yake. La mkono ni langu.

Mwaka huu nilitaka kitu kimoja tu: sweta la sufu ya hapa kwetu. Nilipata uzi uliosokotwa kwa mkono na akina mama, manyoya ya kondoo wa Corriedale. Ukiushika unaacha mafuta kwenye vidole na unanuka kondoo mwenyewe, na hauko sawa, mahali mnene, mahali mwembamba. Nilifuma miezi minne. Nilipomaliza nikaliloweka kwenye maji moto, sabuni ya unga, nikalisugua jinsi ninavyosugua yale ya akriliki.

Mliowahi kufanya hivyo mnajua. Sufu ina magamba madogo sana, ikipata moto na kusuguliwa yanashikana na hayaachani tena. Sweta la mtu mzima likatoka la mtoto wa miaka saba, nene kama blanketi la jeshi. Na likishashikana vile hata kulifumua huwezi. Nililia, nasema ukweli. Mama yangu akalichukua, akalikata, akatengeneza mto wa kigoda cha kukalia jikoni na viatu vya ndani vya wajukuu wawili. Viatu hivyo maji hayapenyi kwa urahisi.

Sasa nimeanza la pili. Hili nitaliosha kwa maji baridi, shampuu kidogo, nilibonyeze bila kulisugua, nilikamue ndani ya taulo na kulilaza chini likauke. Ukilianika kwenye kamba uzito wa maji unalivuta mpaka magotini.

Mie wa Pwani

Asalaam aleikum. Mie niko Unguja, joto lenyewe mnalijua, sufu ya nini? Nafuma kwa uzi wa pamba na sindano moja ya kroshia. Mwaka huu nguo tano za watoto, zote za kutolewa nje siku ya arobaini, na kitambaa kimoja cha meza cha bibi harusi ambacho kimenitoa roho: maua 64, kila ua nalifuma mbali kisha nayaunga. La arobaini na kitu hivi nikagundua maua ya mwanzo ni makubwa kuliko ya mwisho, maana mkono nao unabadilika. Ukiwa na wasiwasi unakaza, ukiwa umetulia unalegeza. Niliyatandaza yote sakafuni, makubwa nikayaweka kingoni, madogo katikati. Bibi harusi hakujua. Mie najua kila ua nililifuma wiki gani.

Mama wa Njiti

Sijawahi kuandika jambo hili popote.

Mwanangu alizaliwa mwaka juzi, wiki ya 31, kilo 1.4. Tulikaa kwenye wodi ya kangaruu, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, siku 26. Siku ya pili muuguzi alinivalishia mtoto kofia ya kufuma, rangi ya kijani, ndogo kiasi kwamba ungeivika chungwa. Nikauliza ya nani. Akasema kuna mama huwa analeta mfuko, jina hawalijui vizuri. Kichwa cha njiti ni kikubwa kwa mwili wake, joto linatokea pale, ndiyo maana hawaachwi kichwa wazi. Niliambiwa hivyo na nikawa naishika ile kofia usiku kuhakikisha haijavuka.

Mwaka huu nikajifunza kufuma kwa ajili hiyo tu. Nimefuma kofia 40 na nikazipeleka tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani.

Niwape nilichojifunza, maana nilianza vibaya. Zile 12 za kwanza nilizipamba: vifungo, utepe, kishada juu. Muuguzi mkuu akanieleza kwa upole kwamba vitu hivyo havifai, mtoto anaweza kuumia, na kishada kinamfanya asilale vizuri. Pia uzi unaotoa manyoya haufai, na lazima kofia istahimili kufuliwa kwa maji ya moto sana. Kwa hiyo sufu hapana, maana itakuwa kama ya dada wa Nyahururu. Tumieni pamba au akriliki laini, isugueni shavuni kwanza. Mimi naanza na vitanzi 56 kwa sindano za milimita 3 na nusu, halafu nafanya chache za 48 na chache za 64, kwa sababu hawa watoto hawalingani. Na kabla hujaanza, nenda hospitali ya karibu ukawaulize wanachohitaji.

Zile 12 nilizing'oa mapambo yote. Nyingine zilibaki na tundu, nikazifumua. Kofia ya kijani ninayo bado. Mwanangu anaivika kwenye ngumi yake.

Mwana wa Makete

Mama wa Njiti, Mungu akutunze na mwanao. Nimesoma nikasimama nikatembea kidogo nje. Natoa mabonge mawili ya pamba nyeupe, tuelekezane jinsi ya kukufikishia.

Niko Ugenini (Minneapolis)

Hamjambo ndugu zangu. Nimezaliwa Marangu, sasa mwaka wa tisa niko Minnesota, kazi ya kuhudumia wazee. Januari hapa ukitoka na nywele mbichi zinaganda kabla hujafika kwenye gari.

Nilifundishwa kufuma na masista, uzi mkono wa kulia, unauzungusha juu ya sindano kila kitanzi. Kuna bibi mmoja nyumba ya wazee ninapofanya kazi, wazazi wake walitoka Norwei, anashika uzi mkono wa kushoto na sindano inaudokoa tu. Miaka miwili tumekuwa tukitazamana mikono. Mwaka huu akasema nikae. Mikono yake inatetemeka siku hizi, vitanzi vinamtoka, hivyo yeye alielekeza na mimi nikafuma, na kuanzia Machi mpaka Septemba tulimaliza glavu jozi tatu zenye rangi mbili. Nikagundua faida yake: rangi moja mkono wa kulia kwa njia ya masista, rangi ya pili mkono wa kushoto kwa njia ya bibi. Nyuzi hazisokotani kabisa.

Jozi ya kwanza ni yake. Ya pili nimevaa mimi kwenye kituo cha basi. Ya tatu nimeituma Marangu kwa mama, ameniambia ameiweka kabatini, ni nzuri mno kuvaa. Mama yangu nampigia kila Jumapili namwomba aivae.

Mfumuaji wa Memorial

Naona wengi mnalia na bei ya uzi. Mimi niko Moshi na mwaka huu sijanunua bonge hata moja. Nafumua mitumba.

Siku ya kufungua robota nawahi. Sitazami rangi kwanza, nageuza sweta ndani nje nitazame mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache, ukilifumua unapata vipande vya mstari mmoja mmoja. Unataka lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kingo nzima, kikaungwa kwa uzi mmoja wa mnyororo. Huo uzi ukikata mahali sahihi na kuvuta, ubavu wote unafunguka kwa mkupuo. Halafu unaanzia juu, begani, siyo chini.

Kujua kama ni sufu: chomoa kipande cha uzi, choma. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha jivu linalosagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu.

Uzi ukitoka umejikunja kama tambi. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge mahali panne, loweka maji vuguvugu nusu saa, kisha utundike na chupa ya maji chini yake mpaka ukauke. Unanyooka. Sweta moja kubwa la shilingi 4,000 limenipa gramu 520 za sufu ya bluu ya bahari, nimefuma fulana ya baba na soksi mbili za mwanangu. Usiku mwanangu ndiye anayezungusha bonge mimi nikivuta. Ana miaka sita. Anaweza kukuambia kwa kunusa tu moshi kama ni sufu.

Bibi wa Lushoto

Marahaba wanangu kwa wote mliosalimia. Mimi nina miaka 71, macho yamepungua, kwa hiyo mwaka huu kazi ni moja: shali. Nilimwanzia marehemu mume wangu akiwa mgonjwa, akaondoka Mei ikiwa imefika nusu. Nikaiweka. Mwezi wa kumi wajukuu walikuja, yule mkubwa akaivuta kwenye mfuko akajifunika nayo na sindano zikining'inia. Nikaona basi, naimaliza iwe yake. Sasa uzi umeniishia kama shubiri tatu kabla ya mwisho. Ni kahawia ya kahawa iliyokolea, akriliki, bonge la gramu 100. Duka nililonunulia halina tena. Aliyebakiwa nao kidogo aniambie.

Mfumuaji wa Memorial

Shikamoo bibi, pole sana kwa msiba. Nina kahawia mbili hapa, zote akriliki, moja imekolea. Mwambie mjukuu apige picha ya shali mchana, nje, kivulini, siyo kwenye jua, na kama karatasi ya bonge bado ipo aipige pia namba ionekane. Nikiona zinakaribiana natuma zote mbili, utachagua mwenyewe kwa mkono.