Uwanja wa umma ukitengenezwa, pesa yaingia kwa nani? Watu wa Lamu na Malindi tupeane uzoefu

Asalam aleikum wadau. Mie ni wa mtaa wa Mkomani, Lamu, na jioni nikipita uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome naona penye kivuli na pa kukaa ndipo pesa inapozunguka. Mtalii anatoka Ngomeni (na ile ilikua jela mpaka 1984 jamani) anakuta wazee kwenye bao, anasimama, akishasimama ndo kahawa hiyo, kashata hiyo. Kwenu je? Mlipata nini, mlipoteza nini?

*Mama Viazi, Lamu:* Nauza viazi karai na maji ya ukwaju hapa baharini. Taa zilipokua zimekufa nilikua nafunga magharibi, watu wanapita mbio tu. Zilipowaka familia zikaanza kutoka baada ya isha, mtoto analilia kiazi, mama nae hawezi kumtazama tu akila, basi sinia la pili linaisha na yule kijana anaenimenyea viazi namlipa kwa hizo saa za usiku.

*Muuza leso, Malindi:* Mbele ya duka langu maji ya mvua yalikua yanatuama, wakaweka kabro. Wateja waliongezeka kweli sikatai, ila mwenye nyumba nae ana macho, kodi akapandisha. Jirani yangu fundi charahani alihama. Hilo mbona halisemwi?

*Nahodha:* Sie wa mashua tunataka ngazi nzuri tu pale gatini. Mgeni akishateleza kwenye mwani hata bei hatuelewani tena 😂

*Mpita njia:* Nendeni Unguja mkaone bustani ya Forodhani. Ilitengenezwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa tena 2009, na usiku pweza, urojo, juisi ya miwa, vyote vipo. Ungewatoa wachuuzi pale ingebaki bustani ya kupigia picha tu.

*Kijana wa Langoni:* Sawa, lakini nani anafagia? Punda hawaendi choo.

*Mpita njia:* @Langoni ndo hapo sasa. New York kuna bustani ya Bryant Park, ilikua maskani ya wauza dawa za kulevya, wakaifunga wakaitengeneza, 1992 ikafunguliwa, viti vyepesi unabeba unakaa utakapo. Wenye majengo ya jirani nao wanatozwa ada ya kusaidia kuitunza, maana mali yao ndo inayopanda thamani.

*Muuza leso, Malindi:* Hapo nimekuelewa. Basi na huyu mwenye nyumba wangu atozwe, asinipandishie mie.

*Mama Viazi, Lamu:* Na hio ada yenyewe asije akaipitisha kwenye kodi yako 🙈