Kitambaa kinachoua bakteria kikipigwa na mwanga, kinaweza kumsaidia mama mwenye kidonda cha sukari?

binti_wa_pili:
Wakuu habari za jioni. Mama ana sukari na ana kidonda kisiginoni, huu mwezi wa nne, usaha umeoteshwa maabara tukaambiwa antibayotiki mbili hazifui dafu. Kila asubuhi nikibandua gozi ya kufungia kidonda nakuta imegandia, nailoweka na maji ya dripu polepole huku ameng'ang'ania shuka. Sasa nimesikia kuna kitambaa cha nyuzi nyembamba mno, mwanga ukikipiga kinaua bakteria. Ni kweli? Na je nikimtoa nje juani na bandeji yake si inakuwa vilevile?

kemia_mtaani:
Dada pole sana kwa kuuguza. Ni kweli kipo. Jambo lenyewe ni la zamani, 1900 kule Munich mwanafunzi Oscar Raab alichapisha alivyoona vijidudu vya majini vilivyotiwa rangi ya akridini vinakufa kwenye mwanga. Siku hizi Chuo Kikuu cha Charles, Prague, timu ya Jiří Mosinger wanachukua plastiki iliyoyeyushwa wanachanganya na porifirini, ni ndugu wa ile inayoipa damu wekundu, halafu wanaivuta kwa umeme wa volti maelfu mpaka inatoka nyuzi ambazo unywele wako ni mnene kuzishinda mara mia na zaidi. Mwanga ukipiga, porifirini inapokea nguvu na kuipa oksijeni ya hewani, oksijeni inakuwa kali inaunguza bakteria kila inapogusa, ndo maana usugu hauoti kirahisi kama kwa vidonge. Ila kwenye majimaji oksijeni hiyo inaishi sehemu chache tu za milioni za sekunde, haivuki hata upana wa bakteria mmoja. Kinachokufa ni kile kinachogusana na kitambaa, basi. Na ukikifunika na bandeji nene mwanga haufiki, hakuna kinachofanyika.

zamu_ya_usiku:
Mimi nauguza vidonda kila siku, naomba unisikilize mdogo wangu. Hao wa Prague walitoa matokeo 2012, walikijaribu kwa wagonjwa wenye vidonda sugu vya mguu, vikapungua ukubwa kama theluthi na maumivu yakashuka. Mimi nilifurahi kweli kusoma vile. Lakini gozi ya mama haina porifirini, juani inakauka tu na kugandia zaidi, na mguu wa sukari mara nyingi hausikii moto, ataungua bila kujua. USIMTOE. Omba gozi ya vaselini haishiki nyama. Asikanyagie kisigino kabisa, na akilala weka mto chini ya shavu la mguu kisigino kining'inie. Majibu ya maabara yana dawa zilizoshindwa na zilizofanya kazi, uliza zile zilizofanya kazi. Na damu inafika mguuni? Wamepima?

kemia_mtaani:
Naongezea la giza, Chuo Kikuu cha California, Davis, kule Marekani mwaka 2018 walitengeneza nyuzi zinazotunza nguvu ya mwanga zikaendelea kuua bakteria hata gizani kwa muda, ila walilenga barakoa na nguo za kujikinga, sio vidonda.

binti_wa_pili:
Asanteni jamani, Mungu awabariki. Damu ya mguuni hawajawahi kupima, miezi yote minne ni kufunga na kufungua tu. Kesho naanza na hilo, saa moja asubuhi nitakuwa foleni. Mto nimeshamuwekea sasa hivi.