Mjadala: Viwanda vilazimishwe kisheria kuuza vipuri vya friji, hata vile vidogo?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa kina. Msimamo wangu ni ndiyo, na sheria isibague kipuri kwa sababu tu hakina umeme.

Huku Minnesota, Marekani, watu wengi wana friji ya bia ya pipa nyumbani. Pipa na mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi (inayosukuma bia) vinakaa ndani, na juu ya friji inasimama nguzo ya chuma yenye bomba. Ugonjwa wake mkubwa ni nguzo kulegea. Kila ukivuta mkono wa bomba unaivuta nguzo nzima, na mara nyingi imeshikwa na skrubu nne fupi kwenye bati jembamba. Matundu yanapanuka taratibu mpaka skrubu zinazunguka bila kushika kitu.

Kuitengeneza yangu hakukuhitaji fundi. Unachomoa umeme, unafunga gesi kwenye mtungi kwanza (gesi hiyo ikivuja kwenye chumba cha chini kisicho na hewa ni hatari kwelikweli), unaondoa kiungio kinachofunga mpira wa bia kwenye pipa, kisha unanyanyua nguzo. Chini yake nilikuta mpira wa kuziba umebonyea upande mmoja na kuchanika, na sponji ya kuzuia joto imelowa chepechepe kwa sababu hewa ya nje ilikuwa inapenya. Badala ya skrubu nilipitisha bolti kwenye matundu yale yale hadi ndani, nikaweka kipande cha plaiwudi na washa pana (kipete bapa cha chuma) upande wa chini, nikakaza nati. Nguzo haitikisiki tena.

Kilichonikwamisha ni ule mpira. Kiwanda kilinijibu kwamba hakiuzi mpira peke yake, ninunue nguzo nzima na bomba lake. Mpira wenyewe ni mdogo kuliko kisahani cha chai!

Sasa tazameni sheria zinazolazimisha viwanda kutoa vipuri. Ya Minnesota, iliyoanza kutumika 1 Julai 2024, inagusa vifaa vinavyotegemea elektroniki za kidijitali. Maana yake friji yenye kipimajoto cha kidijitali inaweza kulindwa, ila ya jirani yenye kitufe cha kuzungusha ikabaki nje, ingawa nguzo na mpira ni vile vile. New York waliviacha kabisa vifaa vya nyumbani kwenye sheria yao. California wamefanya vizuri zaidi: bidhaa ambayo bei yake ya jumla (ile kiwanda kinayowauzia wenye maduka) ni dola 100 au zaidi, vipuri vipatikane kwa miaka 7 tangu ilipokoma kutengenezwa. Na Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, unadai vipuri vya majokofu ya nyumbani vipatikane: vishikio na bawaba za milango kwa miaka 7, na mipira ya milango kwa miaka 10. Hivyo navyo havina umeme, na viwanda vimeendelea kuuza friji huko.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, nami naiheshimu. Friji nyingi za sasa zinapoza kwa gesi ya isobutane, inayopita kwenye mirija yake na ambayo inawaka. Mtu akitoboa ovyo akapata mrija, anaweza kuchoma nyumba. Kweli kabisa. Lakini ndiyo sababu kiwanda kinatakiwa kutoa mchoro unaoonyesha mirija inapopita. Mwenye friji bovu atatoboa tu. Mimi nilitumia matundu yaliyokuwepo kwa kuwa sikuwa na mchoro wa kunionyesha pengine pa salama. Hoja ya gharama ya kuweka vipuri ghalani siikubali hata kidogo, maana mipira hiyo tayari ipo, inafungwa kwenye kila nguzo mpya inayotoka kiwandani.

Kwa hiyo mnaopinga, hasa mliowahi kuuza au kutengeneza majokofu, naomba mnijibu hili: kiwanda kinapata hasara gani kikiuza mpira bila nguzo?