Mwenzetu amefiwa na yuko mbali na kwao: tumsaidieje watu wakishatawanyika?

Ujumbe wa kwanza

Habari zenu ndugu zangu.

Kuna dada tunakaa naye jengo moja. Amefiwa na mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Kusafiri hakuweza. Tulichanga, tukaenda kumpa pole, tukashinda naye, tukalala hapo hapo. Sasa kila mtu amerudi kwenye shughuli zake na yeye karudi kazini. Ukimuuliza hali, anajibu "nipo, nashukuru". Lakini taa yake inawaka mpaka alfajiri. Juzi nilimkuta kwenye lifti, milango inafunguka na kufunga, yeye kasimama tu, hajui anataka ghorofa gani.

Kazini kwake wamemkatalia likizo ya msiba. Wamesema mama mdogo si mzazi.

Sitaki kumsumbua, na sitaki kumwacha. Wenye uzoefu naomba mnielekeze, nimwambie nini na nifanye nini?

Jibu

Pole mdogo wangu, na pole zangu mfikishie huyo dada. Aliyekulea ni mama, hata karatasi zikisema vingine.

Nianze na hilo la lifti, kwa sababu najua limekutia hofu. Mfiwa husahau. Atasoma barua ile ile mara tatu isimwingie kichwani, atatoka nyumbani ameacha jiko linawaka, atapanda basi apitilize kituo. Usingizi unakatika, chakula hakipiti, mwili unauma bila sababu ya kuonekana. Hivyo ndivyo huzuni inavyofanya kazi mwilini. Haimaanishi amechanganyikiwa, wala haimaanishi imani yake ni ndogo. Kwa hiyo neno "jikaze" liweke pembeni. Amekuwa akijikaza tangu simu ile ilipoingia.

Lipo jambo la mwili ambalo halisubiri: akisema kifua kinambana au anakosa pumzi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, msikae kuambizana ni mawazo. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali inayoitwa takotsubo, ambapo sehemu ya misuli ya moyo hulegea ghafla, mara nyingi baada ya mshtuko mkubwa kama wa kufiwa. Dalili zake zinafanana sana na za shambulio la moyo. Walio wengi hupona, lakini hakuna awezaye kutofautisha hayo mawili akiwa amekaa sebuleni. Hiyo ni kazi ya vipimo.

Sasa unachoweza kufanya wewe. Sote tuna mazoea ya kusema "ukihitaji chochote nipigie". Tunasema kwa moyo safi kabisa, ila tunakuwa tumemwongezea kazi. Inabidi afikirie anahitaji nini, apime kama atakuwa anakusumbua, kisha ajitutumue kushika simu aombe. Hana nguvu hizo. Wewe mwambie kitu chenye siku na saa: "Jumamosi asubuhi naenda kufua, nitapita kuchukua na zako." "Nipo dukani, naacha maziwa na sabuni mlangoni, usihangaike kufungua." Akikataa, sawa, usilazimishe. Wiki ijayo mwambie tena, kwa sauti ile ile, bila kununa. Wengi wetu hukata tamaa kwenye "hapana" ya kwanza, na mfiwa akabaki anaamini watu wamechoka naye.

Mtaje marehemu kwa jina lake. Hili nalisisitiza kuliko yote. Tunaogopa kumtaja tukidhani tutamkumbusha, kana kwamba amesahau! Msiba wa ugenini una upweke wake. Angekuwa kwao, kila anayekutana naye njiani angekuwa alimjua mama, ana kisa chake cha kusimulia, anajua mama alivyokuwa akicheka. Huku anafanya kazi na watu ambao kwao marehemu hakuwahi kuwepo. Akitoka nyumbani anaingia katika dunia ambayo hakuna kilichopungua. Basi wewe muulize: mama alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa anakuitaje ukiwa mdogo? Nionyeshe picha zake. Akianza kulia, kaa. Huna haja ya kutafuta neno la kumnyamazisha. Wazee walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, kwa hiyo mfuate yeye: akilia, kaeni na kilio, akitaka kuongelea mpira au mitihani ya watoto, ongeeni hayo.

Na akicheka, asionekane amesahau haraka. Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: kuna muda anazama kwenye uchungu, kuna muda anaushughulikia ulimwengu, analipa bili, anajifunza maisha bila yule aliyeondoka. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha kuishi. Mimi naona hilo linasema kweli kuliko zile hatua tano za huzuni ambazo kila mtu anazitaja. Hatua hizo alizieleza Daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabiliana na kifo chao wenyewe. Msimpimie huyo dada amefika hatua ya ngapi. Huzuni haina ratiba ya namna hiyo.

Jambo dogo la simu, tafadhali lifanye wiki hii. Kwa hakika kwenye simu yake zimo sauti ambazo mama alimtumia. "Umekula? Umelala? Mbona kimya?" Sauti hizo ziko kwenye kifaa kimoja ambacho kinaweza kuanguka ndani ya maji kesho. Mwombe ruhusa, kaeni pamoja, mzinakili mahali pengine pawili. Hana haja ya kuzisikiliza sasa. Wapo wanaokaa mwaka mzima kabla ya kuthubutu kubonyeza, na siku wakibonyeza hushukuru zipo.

Kuhusu muda: usihesabu siku. Wengi huanza kupata nafuu kidogo kidogo bila matibabu yoyote, ingawa uchungu hurudi ghafla siku ya kuzaliwa marehemu, sikukuu, au siku apatapo habari njema na mkono ukaenda kwenye simu kumpigia. Tarehe hizo ziandike kwenye kalenda yako wewe, umtumie ujumbe siku hiyo. Lakini miezi ikipita na bado hali wala halali, hawezi kazi, anamtamani marehemu kila siku kwa makali yale yale, huyo anahitaji mtaalamu. Shirika la Afya Duniani limeiweka huzuni ya muda mrefu kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, na linazungumzia hali iliyodumu angalau miezi sita na kupita kiasi cha mila na desturi za mtu mwenyewe. Na akitamka kwamba hataki kuishi, au kwamba anataka kumfuata mama, usisubiri miezi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha usimwache peke yake mpaka afike kwa daktari au mpate msaada kwa simu ya dharura ya nchi mliyopo.

Jibu

Dada hapo juu kasema yote ya moyo, mimi niongeze ya karatasi na pesa, maana ndiyo yanayomnyima mfiwa nafasi ya kulia.

Likizo. Sheria zinatofautiana sana, kwa hiyo asikubali jibu la mdomoni. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo ya msiba. Inategemea jimbo na mkataba. Australia sheria inatoa siku 2 kwa kila tukio, ila kwa familia ya karibu au mtu wa kaya moja. Uingereza tangu Aprili 2020 mzazi aliyefiwa na mtoto wa chini ya miaka 18 ana wiki 2. Mnaona wenyewe: sheria inamtambua mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Mama mdogo aliyekulea haonekani. Mwaka 1989 Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui, ambapo mtu anaumia lakini anaonekana hana haki ya kuumia. Huyo dada ndipo alipo.

Basi aandike barua, na wewe mwandikie kama hawezi. Fupi tu. Asitumie neno "shangazi" wala "mama mdogo" peke yake bila maelezo. Aseme: huyu ndiye aliyenilea tangu utotoni na ndiye aliyesimama kama mzazi wangu. Ataje siku anazoomba, na kama hawalipi, aombe likizo ya mwaka au isiyo na malipo. Ampelekee mtu wa utumishi, si msimamizi wa zamu peke yake. Wasimamizi wengi wanajibu kwa kukisia. Ikishindikana, daktari akimwona hana usingizi na hawezi kazi, anaweza kumwandikia mapumziko ya ugonjwa. Hapo hadanganyi. Mtu asiyelala ni mgonjwa.

Safari. Kuna watu watamlaumu kwa kutokwenda, wengine wakiwa mbali na hawajui hali yake ya makaratasi. Marekani, aliyeomba ukazi wa kudumu akiwa ndani ya nchi akatoka bila ruhusa ya awali ya kusafiri, kwa kawaida ombi lake huhesabiwa ameliacha. Uingereza, ombi la kibali lililoko mezani kwa kawaida huhesabiwa limeondolewa ukishatoka. Mtu anaweza kumzika mzazi wake halafu asiweze kurudi kwa watoto wake. Anayekaa kwa sababu hiyo hajamsaliti marehemu, na ninaomba sisi tulio karibu naye tuwe wa kwanza kumwambia hivyo, tena mbele za watu, ili asibaki anajitetea peke yake.

Mimi baba yangu nilimzika kupitia simu. Binamu alishika simu juu ya vichwa vya watu, mtandao ukikatika kila mara, na sehemu niliyoisubiri sikuiona. Picha iliporudi watu walikuwa wanapangusa udongo mikononi. Kilichonisaidia ni kwamba rafiki alikuwa amekaa pembeni yangu muda wote na hakuondoka picha ilipozimwa. Alikaa mpaka usiku. Kwa hiyo mwenzenu yeyote akiwa na mazishi ya simu, msimwache ayatazame peke yake chumbani. Na huko nyumbani ombeni mtu mmoja arekodi kwa simu nyingine isiyotegemea mtandao.

Pesa. Hapa niseme kwa uchungu. Aliye nje, hata kabla hajalia, ameshaulizwa atatuma kiasi gani. Simu kumi, watu kumi, kila mmoja na bajeti yake. Mtu anakopa kwa riba kubwa ili asiitwe mchoyo kwenye msiba wa mama yake mwenyewe. Hapo rafiki awe ngao. Mfiwa achague ndugu mmoja tu nyumbani wa kuzungumza naye habari za gharama, na huku mmoja wenu apokee simu nyingine zote. Aseme kiwango anachoweza mara moja, kisha akae hapo. Michango yenu huku iwe na mtu wa kuandika nani katoa nini, na hesabu apewe mfiwa siku akiwa na akili ya kuitazama. Na kama mnaweza, msimalize mchango wote siku za mwanzo. Bakisheni kidogo cha mwezi wa pili, kodi inapokuja na zamu alizokosa hazijalipwa.

Jibu

Kaka, shikamoo, na pole kwa mzee. Dada, ahsante sana.

Nilimfuata jana. Nilimwuliza mama alikuwa anamwitaje akiwa mdogo, akaniambia, kisha akasimulia mpaka nikachelewa kulala. Sauti tumezinakili, zimo nyingi kuliko alivyodhani. Barua ya kazini tumeandika rasimu. Kaka, kama hutajali, nitakutumia pembeni uipitie kabla hajaipeleka Jumatatu.

Tunapanga zamu za kumpitia kwa miezi mitatu ijayo, si kukesha, ni kupita tu: mmoja kufua, mmoja kumsindikiza sokoni, mmoja kutembea naye jioni. Jumamosi na Jumapili zina watu. Jumatano jioni haina mtu, na ndiyo siku ambayo hana zamu na anakaa ndani peke yake. Anayeishi upande huu na ana nafasi Jumatano, hata mara moja kila wiki mbili, aniandikie.