Tupeane uzoefu: siku klabu yako ilipocheza ukiwa kwenye kongamano la sanaa na teknolojia

Pete za Mti

Wakuu, habari za leo. Mada hii nimekaa nayo moyoni kwa miaka. Kuna sisi tunaopenda vitu viwili ambavyo ratiba zake hazijawahi kuulizana: klabu, na yale makongamano ya watu wanaochora, kupiga muziki na kuunda vitu kwa programu za kompyuta. Tusimuliane ilikuwaje siku viwili hivyo vilipokutana. Naanza mimi.

Tarehe 7 Mei 2019, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mimi ni Liverpool. Wiki moja kabla, Barcelona walikuwa wametutandika 3-0 kwao, na kwenye marudiano Salah na Firmino wote majeruhi. Jioni hiyo hiyo nilikuwa na zamu ya kuonyesha kazi kongamanoni. Nikajisemea afadhali, sitayaona maumivu.

Kazi yenyewe nilikuwa nimeiandika kwa p5.js, maktaba ya JavaScript ya kuchora kwa programu: maduara mengi yaliyozungukana kama pete za mti, yakitanuka na kusinyaa kufuata sauti inayoingia kwenye kipaza sauti. Walioigusa p5.js wanajua kuwa draw, sehemu ya programu inayochora, hurudiwa takriban mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mchoro unapumua pamoja na anayesema. Nilitaka watu wasome mashairi mbele yake.

Dakika ya 7 Origi akafunga. Jirani alininong'oneza, nikanyamaza. Kipindi cha pili Wijnaldum, aliyeingia wakati wa mapumziko baada ya Robertson kuumia, akatia la dakika ya 54 na la 56. Hapo vidole vilianza kunitetemeka juu ya kibodi. Mbele yangu dada mmoja alikuwa anasoma shairi kwa sauti ya chini, pete zinajongea taratibu ukutani. Dakika ya 79 Alexander-Arnold akaipiga ile kona ya haraka, mabeki wamezubaa, Origi akamalizia. Watu waliobanana nje ya mlango kwenye simu moja walipiga ukelele uliopenya hadi kwenye kipaza sauti changu, na pete zote zikafunguka kwa mpigo zikajaza ukuta mzima. Goli la nne nililiona kabla sijaambiwa. Yule dada alitulia, akautazama ukuta, kisha akasoma ubeti uliofuata kwa sauti kubwa kuliko yote iliyotangulia.

Sikuwa nimeweka sehemu ya kurekodi. Picha ile ninayo kichwani peke yake, na tangu siku hiyo siandiki programu ya kuonyesha bila kitufe cha kuhifadhi. Karibuni.

Uzi Mwekundu

Mkuu, umenigusa. Mimi ni Arsenal, na sikuwa na mechi siku hiyo, niliibeba mwenyewe. Kwenye warsha ya kuchora kwa takwimu, mwalimu alisema kila mtu alete kitu anachokipenda kweli. Kampuni ya StatsBomb imetoa bure data za mechi zetu za msimu wa 2003/04, ule wa michezo 38, ushindi 26, sare 12, kipigo hakuna. Kila pasi imeandikwa ilipoanzia na ilipofikia, uwanja ukipimwa 120 kwa 80.

Nikachora kila pasi kama uzi mwembamba uliofifia sana, ili pale pasi zinapopishana rangi ikolee yenyewe. Upande wa kushoto, njia ya Ashley Cole, Pires na Henry, ulikolea mpaka ukawa kama kitambaa. Nilikuwa mdogo miaka ile. Kuiona timu yangu ikijifuma upya mbele ya macho yangu, pasi baada ya pasi, kulinitoa machozi, na sikuyaficha.

Tahadhari kwa atakayejaribu: data hiyo huandika kila timu kana kwamba inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia. Nilizichora timu mbili pamoja bila kujua, zote zikawa zinashambulia goli moja, nikapoteza nusu siku nikidhani data ni mbovu. Ya wapinzani igeuze: 120 utoe x (nafasi kwenye urefu wa uwanja), 80 utoe y (nafasi kwenye upana).

Kipenga cha Mwisho

Yangu ni fupi. Bayern, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2012 dhidi ya Chelsea, kwenye uwanja wetu wenyewe. Müller dakika ya 83, Drogba wa Chelsea anasawazisha dakika ya 88, halafu penalti, tukapoteza. Asubuhi yake nilikuwa na kipindi cha kufundisha watoto kuchora kwa kompyuta. Nilienda. Sikufundisha vizuri. Mpaka leo naona nilistahili kuomba ruhusa.

Kifua Wazi

Ndugu zangu, mdogo wangu wa kike ni kiziwi, na ndiye shabiki mkubwa kuliko sisi wote nyumbani. Mwaka 2024 Newcastle United waliwapa mashabiki wao viziwi jezi zinazotetemeka kufuata kelele za uwanja, mechi dhidi ya Tottenham. Nilipoziona, nikaenda kongamanoni na swali moja: naweza kumtengenezea?

Nilikaa siku mbili kwenye meza ya Arduino, bodi ndogo ya kompyuta ya kuendesha vitu kama taa na mota. Mota zile ndogo za kutetemesha simu, sita, nimezishona ndani ya kizibao, na kipaza sauti kidogo begani. Jaribio la kwanza niliunga mota moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Kaka aliyekuwa akisaidia akanishika mkono: pini haipaswi kutoa zaidi ya miliampea 20 hivi, mota inataka zaidi ya hapo. Weka transista, swichi ndogo ya kielektroniki, iwe mlango wa umeme wa mota, na dayodi ya kuzuia umeme unaorudi mota inapozima. Bila yeye ningeunguza bodi.

Tulienda uwanjani wote wawili. Sitaeleza uso wake.

Pete za Mti

Dada, asante kwa hili. Nina swali: anaweza kutofautisha goli letu na la wapinzani kwa mtetemo peke yake?

Kifua Wazi

Anaweza. Tukiwa kwetu, goli letu linapanda ghafla na halishuki. La wapinzani kuna mtetemo mdogo wa kona moja ya uwanja, halafu kifua kinanyamaza chote. Anasema alikuwa hajui kwamba uwanja uliojaa watu unaweza kunyamaza.