Mliofanya mazoezi ya kusimamiwa huku mkitibiwa saratani ya mapafu, tupeane uzoefu

Wakuu, mzee wangu ameshapata kemo 2 (dawa kali za saratani). Sasa daktari kamwandikia mazoezi mara 3 kwa wiki mbele ya mtaalamu wa viungo. Bimkubwa hataki kusikia, anasema mgonjwa ni wa kulala. Mliopitia haya mnasemaje? Mambo ya mitishamba tuyaache, tafadhali.

Pumzi Fupi: Mgonjwa ni mimi mwenyewe. Siku ya kwanza unatembea kwenye korido dakika 6, wanapima umefika mita ngapi. Nilifika 290, tena nimekaa njiani mara mbili. Kidoleni wamenibana kile kidude cha kupima oksijeni ya damu. Kiliposoma asilimia 86, yaani imeshuka mno, dada anayenisimamia akaniambia simama, na mimi hata sijahisi kitu! Peke yangu ningeendelea tu. Akanifundisha kuvuta hewa kwa pua, kisha kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza uji. Wiki ya 8 nilifika mita 350 bila kukaa. Tusidanganyane, uvimbe hauondoki kwa mazoezi. Ila sasa naoga nimesimama.

Mtu wa Dripu: Ajiandae kurudishwa siku nyingine. Mimi nilirudishwa mara mbili, majibu ya damu yalionyesha chembe za kugandisha damu zimeshuka. Nilinuna njia nzima.

Nyongo Mkalia Ini: Kaka yangu alijipeleka gym mwenyewe, akanyanyua vyuma. Maumivu ya paja akayaita uchovu wa mazoezi, kumbe ugonjwa ulishaingia kwenye mfupa. Ukavunjika. Mzee akisikia mfupa wowote unauma, hata kidogo, aseme kabla hajaanza.

Ganzi: Na miguu je? Kemo yangu iliniachia ganzi nyayoni, mashine ya kukimbilia ikawa inanitisha. Wakanihamishia baiskeli ya kukalia, pamoja na kusimama na kukaa kwenye kiti mara 10. Usicheke, jaribu ukiwa na pafu moja na nusu.

Mleta mada: Nawashukuru. Tunaanza kesho. Bimkubwa kasoma yote, sasa anauliza kama ataruhusiwa kukaa mle ndani.

Pumzi Fupi: Wangu alikuwa anaingia. Ila mwambie asimfunge mzee kamba za viatu. Amwache ainame mwenyewe, apumzike, ainame tena.